Toleo Lipi? Toni za Kilingala, Praat na Amri ya apt

Katika fakalti yetu hakuna mwanafunzi anayethubutu kutaja Kamusi ya Kiswahili Sanifu bila kuandika mwaka wake. Sababu inajulikana. Kuna chapa ya 1981, kuna ya 2004, kuna ya 2013, na neno unalolitafuta laweza kuwemo katika moja na kukosekana katika nyingine. Usipotaja mwaka, mwalimu atazungusha duara jekundu na kuandika pembeni: chapa ipi? Tumelelewa hivyo tangu mwaka wa kwanza, na ni malezi mema.

Sasa fungua memwari za fonetiki. Katika zile nilizozisoma mimi, sentensi inayorudi mara nyingi ni hii: "Sauti zilichambuliwa kwa programu ya Praat." Basi, nukta. Hakuna mwaka wala namba. Hata mwalimu yule wa duara jekundu hupita pale bila kusimama. Ni kana kwamba kamusi zina chapa lakini programu hazina. Kana kwamba programu ni kama maji ya mto, ambayo popote utakapoyateka ni maji tu.

Nataka kueleza, ndugu msomaji, kwa nini sentensi ile haitoshi, na jinsi mtu mwenye kompyuta ya Linux anavyoweza kuomba toleo fulani la programu, alipate, na alishike lisimponyoke. Mimi si fundi wa kompyuta. Ninasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na mambo haya niliyakuta njiani nikiwa natafuta kitu kingine kabisa.

Kitu nilichokuwa natafuta ni toni. Mimi na mwenzangu wa promosheni moja tulichagua kuchunguza Kilingala kinachosemwa hapa Lubumbashi na watu ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiswahili. Swali ni rahisi kulisema. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni, Kilingala kinatofautisha. Moto, silabi zote mbili zikiwa chini, ni mtu. Motó, silabi ya pili ikipanda, ni kichwa. Kokoma ni kuandika, kokóma ni kufika. Je, mtu aliyekulia Kiswahili cha Katuba au cha Kenya, akajifunza Kilingala kutoka kwenye muziki, kwa wanajeshi, au kwa majirani waliotoka Kinshasa, anaziweka toni hizo mahali pake, au anazilaza zote chini na kuachia muktadha ufanye kazi?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Watu wa Kinshasa wana mzaha wao wa siku nyingi juu ya Kilingala chetu. Tukitoa jibu lenye namba, mzaha unageuka kuwa elimu. Tukiandika kwamba watu wa Lubumbashi "wamepoteza toni", hukumu hiyo itasomwa na kunukuliwa, na wale tuliowarekodi hawatakuwepo kujitetea.

Kazi tuligawana. Tulirekodi pamoja, kisha kila mmoja akachukua nusu ya mafaili kwenda kuyapima kwake. Rekodi chache, kama kawaida, tulizipima sote wawili ili kuona kama tunakubaliana. Chombo chetu kilikuwa Praat, programu ya bure iliyoandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo wanafonetiki wa dunia nzima wanaitumia. Unafungua sauti, unaona mawimbi yake, na juu ya mawimbi unapita mstari wa kidatu unaoonyesha sauti inavyopanda na kushuka kwa Hz. Kwa mtu wa toni, mstari ule ndio kila kitu.

Tulipolinganisha rekodi za pamoja, tulikubaliana karibu pote, isipokuwa kwa wazungumzaji wachache, na zaidi kwa mama mmoja wa Katuba. Sauti ya mama huyu inakwaruza mwishoni mwa sentensi, kama sauti za wazee wengi. Aliposema sentensi iliyoishia na motó, kwangu silabi ya mwisho ilikatika: mara mstari hauonekani, mara unaanguka ghafla hadi nusu ya kimo chake. Kwa mwenzangu mstari uliendelea, na ulikuwa juu. Faili ni lilelile, lenye sekunde zilezile. Katika karatasi yangu mama hakuweka toni ya juu. Katika karatasi ya mwenzangu aliiweka.

Tulirudia kupima, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mikono yetu ilifanya kitu kimoja. Ndipo yaya mmoja wa promosheni iliyotutangulia, anayejua mambo ya masini, akatuuliza swali ambalo hatukuwa tumelisikia darasani: "Praat yenu ni toleo lipi?"

Kwenye kompyuta zetu zote mbili kuna Debian, mmoja wa mifumo ya familia ya Linux. Yangu ni Debian 12, iliyotoka Juni 2023. Ya mwenzangu ni Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, kwa sababu kompyuta yake ilitengenezwa upya baada ya diski kufa. Sote wawili tuliweka Praat kwa amri moja, sudo apt install praat, na sote tuliamini kwamba amri moja huleta kitu kimoja. Haileti. Kila toleo la Debian lina ghala lake la vifurushi, na ghala hilo, mfumo ukishatoka, karibu linafungwa: vinaingia viraka vya usalama na marekebisho ya makosa makubwa, lakini programu hazibadilishwi kwa matoleo mapya. Ndiyo maana mfumo huo unasifiwa kwa utulivu. Ghala langu lilifungwa katikati ya 2023, likashika Praat ya tawi la 6.3. Ghala la mwenzangu lilifungwa 2025, likashika tawi la 6.4.

Na kati ya 6.3 na 6.4 kuna tukio. Toleo la 6.4 lilitoka Novemba 2023, na ndani yake waandishi wa Praat walileta mbinu mpya ya kupima kidatu. Mbinu ya zamani huchukua kipande cha wimbi la sauti na kukilinganisha na nafsi yake, ikitafuta kila baada ya muda gani wimbi linajirudia. Mbinu mpya hufanya vilevile, lakini kwanza huipitisha sauti kwenye chujio linalopunguza masafa ya juu, ili kelele na mikwaruzo isiichanganye hesabu. Mipaka pia ilisogea: dirisha la zamani lilitafuta kidatu kati ya Hz 75 na 500, jipya linatafuta kati ya 50 na 800. Wenyewe wanashauri mbinu ya chujio kwa wanaochunguza kiimbo na toni. Sauti safi ya kijana haitaona tofauti kubwa. Sauti inayokwaruza itaiona, kwa sababu mbinu ya zamani yaweza kuhesabu mizunguko miwili kama mmoja na kusoma nusu ya kidatu cha kweli, au kukata tamaa na kuacha pengo.

Hiyo ilikuwa dhana. Dhana nzuri si ushahidi. Ili kujua kama tofauti ilitoka kwenye toleo na si kwenye masikio, spika au mikono yetu, ilitubidi tufanye kile ambacho mwanaisimu hufanya na jozi finyu: kubadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote vilivyo. Kompyuta ya mwenzangu ilipaswa kurudi kwenye Praat 6.3 bila kuguswa pengine popote. Hapa ndipo tulipojifunza kwamba apt, ambayo tulikuwa tukiiambia "nipe Praat" tu, inakubali kabisa kuambiwa "nipe Praat hii."

Hatua ya kwanza ni kuuliza. Amri ni hii:

apt policy praat

Jibu lina sehemu tatu. Kompyuta nyingi za kwetu husema Kifaransa, kwa hiyo utaona Installé, yaani toleo lililopo kwako. Kisha Candidat, yaani toleo ambalo apt ingelichagua leo kama ungeiachia uamuzi. Kisha jedwali la matoleo yote inayoyajua, kila moja na ghala linalotoka na namba ya kipaumbele. Mimi nililipenda neno Candidat. Linakumbusha kwamba toleo unalopata ni mgombea aliyeshinda uchaguzi ambao wewe hukuupigia kura. Kanuni za uchaguzi ni mbili: mwenye kipaumbele kikubwa hushinda, na wakiwa sawa, mwenye namba kubwa ya toleo hushinda. Ghala la kawaida lina kipaumbele 500, na kifurushi kilichokwisha kuwekwa kina 100. Ukitaka orodha fupi ya matoleo tu, andika apt list -a praat.

Hatua ya pili ni kusoma jina la toleo, na hapa mwanafunzi wa mofolojia atajisikia nyumbani. Chukua umbo kama hili: 6.3.07+dfsg-1. Si namba moja, ni neno lenye viambishi. Shina ni 6.3.07, namba waliyoitoa waandishi wa Praat wenyewe. Kiambishi +dfsg kinasema kwamba watu wa Debian waliondoa kitu katika msimbo wa asili ili kifurushi kifuate masharti yao ya programu huru. Namba ya mwisho baada ya kistari, -1, ni ya Debian: mara ya ngapi wamelifungasha toleo hilohilo. Wakati mwingine mbele huwepo namba na nukta mbili, kama 1: hivi, hicho ni kiambishi awali kinachotumika pale waandishi walipobadilisha mtindo wa kuhesabu na hesabu ya zamani ikawa inaonekana kubwa kuliko mpya.

Mpangilio nao una sarufi yake. 6.10 inakuja baada ya 6.9, kwa sababu tarakimu husomwa kama hesabu na si kama herufi. Na kuna alama moja ya ajabu, ~, ambayo hupangwa kabla ya kila kitu, hata kabla ya utupu. Kwa hiyo 6.4~rc1 ni ya zamani kuliko 6.4 tupu, ijapokuwa ni ndefu zaidi. Wafungashaji huitumia kwa matoleo ya majaribio. Anayeshangaa akumbuke kamusi zetu za Kibantu: katika baadhi yake nomino inatafutwa kwenye mzizi, katika nyingine inatafutwa kwenye kiambishi cha ngeli, na mgeni asiyejua kanuni atasema neno halimo wakati limo. Kupanga ni makubaliano, na lazima uyajue makubaliano ya kitabu unachokifungua.

Hatua ya tatu ni kuhakikisha toleo unalolitaka lipo mahali apt inapoweza kufika. Debian 13 haina Praat 6.3 katika ghala lake. Lakini ghala la Debian 12 bado lipo kwenye mtandao, na kwa lugha ya ndani linaitwa bookworm. Tulitengeneza faili dogo ndani ya /etc/apt/sources.list.d/, lenye mstari mmoja:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main

Kisha sudo apt update, ili apt isome orodha mpya. Mwenzangu aliogopa kwamba kuongeza ghala la zamani kungeirudisha kompyuta yake yote nyuma. Hofu hiyo ni ya haki, lakini kanuni za uchaguzi zinajibu: maghala yote mawili yana kipaumbele 500, na vifurushi vya Debian 13 kwa kawaida vina namba kubwa zaidi, kwa hiyo vinaendelea kushinda. Ghala la zamani linakaa pale kama rafu ya juu ambayo haiguswi mpaka utaje kitabu kwa jina. Tulipouliza tena apt list -a praat, matoleo mawili yalionekana.

Hatua ya nne ndiyo yenyewe:

sudo apt install praat=6.3.07+dfsg-1

Jina, alama ya sawasawa bila nafasi, kisha toleo kama lilivyoandikwa kwenye orodha, herufi kwa herufi. Usinakili la kwangu. Nakili lile ambalo kompyuta yako imekuonyesha. Ukichoka na mkia mrefu, praat=6.3* nayo inaeleweka. Na ukitaka kutaja ghala badala ya namba, andika praat/bookworm. Kwa sababu mwenzangu alikuwa anashuka kutoka toleo la juu, apt ilisimama na kumwonya kwamba kifurushi kinarudishwa nyuma, ikamwonyesha nini kingeingia na nini kingetoka, ikangoja ruhusa. Soma orodha hiyo polepole kabla ya kujibu ndiyo. Programu haisafiri peke yake, ina maktaba inazozitegemea, na zile za zamani huenda zikagombana na mpya. Ukiona apt inataka kuondoa nusu ya dawati lako, sema hapana na utafute njia nyingine. Kwetu hakukuwa na ugomvi.

Hatua ya tano husahauliwa na wengi. Kama utaishia hapo, siku utakapofanya apt upgrade, uchaguzi utafanyika tena na 6.4 itashinda, nawe hutajua. Kwa hiyo:

sudo apt-mark hold praat

Sasa kifurushi kimeshikwa, na hakisogei mpaka useme unhold. Anayetaka kanuni ya kudumu aweza kuandika faili ndani ya /etc/apt/preferences.d/ lenye mistari mitatu:

Package: praat
Pin: version 6.3.*
Pin-Priority: 1001

Kipaumbele kinachozidi 1000 kina nguvu ya pekee: kinaruhusu hata kushuka kutoka toleo la juu. Chini ya hapo, apt hukataa kurudi nyuma yenyewe. Lakini nionye: kushika ni kwa kifaa cha utafiti, na kwa muda wa utafiti. Usikishike kivinjari chako cha intaneti wala mfumo mzima kwa kupenda utulivu, maana utajinyima viraka vya usalama. Amri ya apt-mark showhold itakukumbusha umeshika nini, na ni vizuri kuiuliza mara kwa mara.

Jambo moja zaidi kwa sisi tunaonunua mega kwa kuhesabu, tukifanya kazi umeme unaporudi usiku. Amri ya apt download praat=TOLEO, ukiweka namba mahali pa neno hilo, haisakinishi chochote; inaleta tu faili la .deb kwenye folda uliyomo. Faili hilo unaliweka kwenye kle na kulipeleka kwa mwenzako, naye analiweka kwa sudo apt install ./ likifuatwa na jina la faili. Kifurushi kimepakuliwa mara moja, kimetumika na wengi, na wote wana toleo moja bila ubishi, ingawa maktaba ambazo mwenzako hana zitamhitaji apate koneksyoni kidogo. Na kama toleo unalolitaka limekwisha kutoka kwenye maghala yote ya kawaida, Debian ina hifadhi iitwayo snapshot.debian.org, ambayo inaweka picha za maghala yake kwa tarehe tangu 2005. Unachagua siku na kupata ghala kama lilivyokuwa siku ile. Sijui maktaba ya chuo inayoweza kuniahidi hivyo kwa magazeti.

Basi turudi kwenye toni. Tulipokuwa wote na 6.3, tulizipima upya rekodi za pamoja. Tofauti ilitoweka. Mstari wa mama wa Katuba ulikatika kwa mwenzangu palepale ulipokatika kwangu. Kisha mwenzangu akaandika unhold, akarudi 6.4, nasi tukapima tena: mstari ukarudi juu. Kilichobadilika kilikuwa kimoja tu. Sasa tulijua.

Kujua hakukutuambia tufanye nini. Hapa tulibishana siku kadhaa, na nadhani ubishi wenyewe una faida kwa wengine. Mimi nilisema tubaki 6.3: zaidi ya nusu ya kazi imekwisha, na kinachotakiwa na sayansi ni usawa wa kipimo. Mwenzangu alisema usawa wa kipimo kibovu ni ubovu ulio sawa. Kama waandishi wa programu wenyewe wanashauri mbinu ya chujio kwa toni, kwa nini sisi tunaochunguza toni tuikatae kwa uvivu? Mwalimu anayetusimamia alitusikiliza wote wawili, kisha akatuambia tuweke kompyuta pembeni tusikilize. Tuliwaita wanafunzi watatu wenye Kilingala cha nyumbani, tukawachezea sentensi zenye ubishi bila kuwaambia lolote, tukawauliza wanasikia mtu au kichwa. Katika ile ya mama wa Katuba wote watatu walisikia kichwa, motó, bila kusita.

Sikio liliamua, na haikuwa aibu kwa programu. Tulihamia 6.4 na kupima kila kitu upya kwenye kompyuta moja, tangu faili la kwanza. Ilichukua wikendi tatu. Katika kiambatisho tumeweka jedwali la vipande ambavyo matoleo mawili yanavisoma tofauti, pamoja na namba zote mbili. Jedwali si refu. Lakini ukilitazama vizuri utaona karibu wote waliomo ni wazee, na wengi ni wanawake. Maana yake ni kwamba toleo la zamani, katika rekodi zetu, halikukosea kwa kubahatisha. Lilikuwa linawanyima toni kundi fulani la watu, na ni lile ambalo tungelitegemea zaidi kujua Kilingala kilivyoingia katika mji huu. Tungeandika kwamba vijana wanaweka toni na wazee hawaweki, tungebuni na nadharia ya kueleza kwa nini, na nadharia ingesomeka vizuri tu.

Sisemi kwamba toleo jipya ndilo la kweli daima. Kesho 6.4 nayo itakuwa ya zamani, na mtu atagundua mahali linapoteleza. Ndiyo sababu ya kulitaja. Atakayekuja baada yetu na kupata matokeo mengine anahitaji kujua kama lugha imebadilika au chombo kimebadilika. Tukimwandikia namba, ataweza kuomba toleo letu kwa alama moja ya sawasawa na kuona tulichokiona. Tusipomwandikia, atabaki kukisia, kama sisi tunavyokisia leo mbele ya orodha za maneno za zamani zilizoandikwa bila alama za toni: je, mwandishi hakuzisikia, au alizisikia akaona si muhimu, au mpiga chapa hakuwa na alama? Hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu wa fonetiki ni dogo. Kabla ya kupima faili la kwanza, andika apt policy praat na unakili jibu kwenye daftari. Kama mnafanya kazi wawili au watatu, hakikisheni mistari yenu inafanana, kisha mshike kifurushi. Na katika sura ya mbinu, badala ya "Sauti zilichambuliwa kwa programu ya Praat", andikeni sentensi nzima: namba ya toleo, mfumo lilikotoka, mbinu ya kidatu, na mipaka ya Hz. Ni mstari mmoja na nusu. Anayetumia Ubuntu atafuata amri hizihizi, maana nayo inatumia apt; wa Fedora watumie dnf, ambayo nayo inakubali kutajiwa toleo.

Promosheni inayotufuata imeanza kurekodi Kilingala cha madereva wa Kampemba. Nimewapa kle yenye mafaili mawili ya .deb, la 6.3 na la 6.4, na karatasi yenye amri nilizoziandika hapa. Mmoja wao ameniuliza kama ni lazima ashike toleo letu. Nimemjibu kwamba si lazima. Achague lake, mradi aliandike.